Mwaka Niliobeba Chupa Tumboni

Mwezi uliopita tulimuaga Madam Robi kazini, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya soko la Migori, na kitu cha kwanza alichonifanyia nilipoingia, mbele ya wageni wote, ni kunigusa tumbo na kuuliza kwa sauti, "Leo umebeba ngapi?" Wageni wakageuka. Mama mmoja mwenye kilemba cha manjano akaanza kunipongeza. Madam Robi alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na mimi nikacheka zaidi kwa kumwona akicheka, maana katika miaka yote niliyomjua hakuwa mtu wa kicheko. Alikuwa Mkuria mrefu, mkavu wa maneno, mpima maji aliyezoea kuwapelekea watu habari mbaya kuhusu visima vyao. Nilimkumbatia nikasikia harufu ya klorini katika nguo zake, ileile, kana kwamba hata sherehe ya kustaafu alikuwa ameipitia akitokea maabara, na mwaka mzima ukanirudia kwa mkupuo mmoja. Nikawa na miaka kumi na tisa tena, nina haraka, nina hakika, na chini ya leso nina chupa sita zenye joto.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikingoja chuo, nikaenda kukaa kwa shangazi yangu upande wa baba, ambaye kwa Kijaluo tunamwita Waya. Ya ukoo nayaacha. Waya aliishi nje kidogo ya Kendu Bay, mahali ambapo ardhi inaanza kuteremka kwenda ziwani, na alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanawake kumi na wawili waliolima dania, vitunguu vya majani na saladi kwa ajili ya hoteli moja ya Homa Bay. Leo naona jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni, ingawa wakati ule hakuna aliyeona. Mboga walizokulia wanawake wale, osuga na dek na apoth, zilichemshwa, zikamwagwa maji, zikachemshwa tena, zikalala chunguni na maziwa, kesho yake zikapashwa moto mpaka zikalainika kama dawa ya mgonjwa. Hakuna kiumbe kilichotoka hai katika chungu kile. Dania ilikuwa mboga yao ya kwanza kutoka shambani hadi mdomoni bila kupita motoni. Waliilima kwa samadi ileile, kwa mikono ileile, wakaipenda kuliko zote kwa sababu ilinukia vizuri na mpishi wa hoteli aliisifu kwenye simu.

Palikuwa na nyumba ya kupangia mboga, ya udongo, imeezekwa mabati, dirisha moja likitazama ziwa. Nikifumba macho naiona sakafu yake kabla sijaona kitu kingine chochote. Kila siku ya kuamkia kupeleka mzigo, Waya alichota samadi mbichi ya ng'ombe, akaichanganya na maji na majivu kidogo, akapiga magoti na kuisiriba sakafu nzima kwa kiganja, akirudi nyuma kuelekea mlangoni, kiganja kikichora matao yaliyopangana kama magamba ya samaki. Hakumruhusu mtu yeyote kumsaidia. Sakafu ikikauka ilikuwa ya kijani cha majivu, baridi, haina vumbi hata chembe, inanukia nyasi. Hapo ndipo wanawake walipokaa miguu imenyooka, wakafunga mafungu ya dania na kuyalaza safu kwa safu, wakiyanyunyizia maji ili yasinyauke, na hapo ndipo niliposikia kila jambo ninalolijua kuhusu ndoa. Tulikula nyoyo, mchemsho wa mahindi na maharagwe, kutoka sufuria moja, chumvi kiganjani.

"Mpishi ameniuliza kama nimeolewa," alisema siku moja Min Apiyo, yaani mama yake Apiyo, mjane kijana aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia niko na kuku arobaini. Mwanamume wa nini tena?"

"Kuku hawakukandi mgongo, yawa!"

"Na marehemu alinikanda lini? Kuku angalau wananipa mbolea."

Walicheka mpaka mafungu yakaanguka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu wiki iliyofuata hakuna aliyecheka. Kreti zetu zilirudishwa kutoka Homa Bay zikiwa zimejaa, na mpishi akapiga simu, sauti yake haina sifa tena. Wageni wa arusi walikuwa wameumwa matumbo. Alikuwa ametupa nyama, ametupa maji ya matunda, amewatuma wafanyakazi wake hospitalini kupimwa, na sasa alikuwa amefika kwenye kachumbari. "Mama, mimi sisemi ni nyinyi," alisema, na simu ilikuwa kwenye spika ili wote wasikie. "Nasema mniletee dania, nitaipima kwanza. Mara tatu mfululizo ikiwa safi, tutaendelea. Ikiwa chafu, tumeachana."

Ndivyo nilivyotumwa kwa Madam Robi, ili tujipime wenyewe kabla mpishi hajatupima, kwa sababu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na alama nzuri ya biolojia. Chumba chake Homa Bay kilikuwa na ukubwa wa choo cha shule, kina rafu, redio ndogo, jiko la stima lililoharibika, na kabati la chuma ambalo lilipaswa kutunza joto lakini halikuwa na umeme tangu mvua zianze. Alinionyesha chupa ndogo ya kioo yenye kipande cha karatasi ya kahawia ndani. Unaweka maji unayotaka kupima, unafunga, unaiweka mahali penye joto siku moja au mbili. Ikiwa kinyesi kimepita katika maji yale, cha mtu au cha mnyama, chupa inageuka nyeusi.

"Nyeusi kama nini?" niliuliza.

"Kama wino. Hutahitaji kuuliza."

"Na inasema ni bakteria gani?"

"Haitaji jina. Inakuambia tu kwamba kuna aliyepita. Wakati mwingine hata udongo mtupu unaitia weusi, kwa hivyo usiipelekee majani yenye matope halafu ukapiga kelele. Suuza dania kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, pima maji ya kusuuzia. Na kila safari pima pia maji yale matupu, ili ujue kama wewe mwenyewe ndiye mchafu." Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Hapa sina joto. Utazifunga tumboni. Mwili wako uko sawa tu na kabati langu, na hauna stima ya kukatika."

Mungu wangu, raha niliyoipata! Nilitembea Kendu Bay nzima na chupa sita zimefungwa kwa leso juu ya ngozi, nimelala nazo chali, nimekaa nazo kanisani zikigongana taratibu kila nilipoinuka kuimba. Wanawake sokoni walinikonyeza. Mzee mmoja wa kanisa alimwita Waya pembeni kumuuliza ni nani mwenye mimba ile, na Waya akamjibu, "Ni ya hoteli," akamwacha amesimama. Sijawahi kuhisi hivyo tena, si chuoni, si kazini: kwamba ulimwengu una sehemu ya pili isiyoonekana, na mimi ninao mlango wake, umefungwa kiunoni. Niliyatazama majani, mikono, mashavu ya watoto, nikawaza ni nani aliyepita hapa. Niliamka na kufungua leso kabla sijanawa uso.

Na kwa raha hiyohiyo nikatenda kosa ambalo Madam Robi alikuwa amenionya nisilitende, ila kwa njia ambayo hakuna kati yetu aliyeifikiria. Nilikusanya dania ya chama, nikaisuuza, nikapima maji yake: nyeusi. Ni sawa, sasa chanzo. Wanawake walikuwa tayari wana jibu. Sisi wengine tulitumia samadi ya ng'ombe, na ng'ombe, kila mtu alijua, anakula nyasi tu, ni mnyama safi, tunasiriba nyumba kwa samadi yake, mtoto anatambaa juu yake. Min Apiyo peke yake alitumia mbolea ya kuku. Kuku anadonoa kila takataka. Basi nilikwenda kwenye lundo la Min Apiyo, nikachota kijiko, nikakoroga kwenye maji, nikayaacha yatulie, nikapima, na asubuhi ya pili chupa ilikuwa nyeusi kuliko masizi ya chungu. Nilikimbia nayo. Nilikimbia kweli, kutoka kitandani hadi nyumba ya kupangia, leso inafunguka, nikaiinua mbele ya dirisha ili wote waione, nikasema, "Ni kuku!"

Min Apiyo alikuwa amekaa chini, fungu la dania mkononi. Hakubishana. Aliuliza swali moja tu, tena kwa upole. "Na lundo la ng'ombe mmepima?"

"Tupime samadi ya ng'ombe ya nini?" alisema mmoja.

Waya aliitazama chupa, akanitazama mimi, na nadhani kilichomshawishi ni uso wangu, uso wa mtu mwenye hakika. Akamwambia Min Apiyo kwamba kwa sasa ni afadhali akae nje ya chama. Min Apiyo alimaliza kufunga fungu lake, akalilaza pamoja na mengine, akajipangusa sketi na kuondoka. Mimi nilirudi ndani kunywa uji, na aibu yangu ni hii: uji ulikuwa mtamu.

Wiki mbili baadaye nilisuuza dania ya chama, isiyokuwa na jani hata moja la Min Apiyo, nikaifunga tumboni kwa ajili ya kumpelekea mpishi ushindi. Ikageuka nyeusi. Nikapima tena. Nyeusi. Chupa ya maji matupu, ile ya kunipima mimi mwenyewe, ilibaki na rangi ya chai hafifu, kwa hivyo hata uchafu wangu sikuweza kuusingizia. Nilizificha chupa zile chini ya kitanda siku tatu. Wakati wa kula Waya aliuliza, "Nyathina, zimesemaje?" nami nikasema bado. Mwanangu, ndivyo alivyoniita, na mimi nikamdanganya huku nimeshika tonge la kuon, ugali wetu, na samaki mbele yangu amenikodolea jicho.

Siku ya soko nilikwenda Oyugis. Min Apiyo alikuwa akiuza peke yake, amekaa juu ya gunia kati ya wauza nyanya, na dania yake imesimama kwenye beseni ikiwa kijani kuliko yetu. Nilitaka kumtuma mtu mwingine aninunulie fungu, lakini aliniona.

"Daktari wa kuku!" aliita, na wauza nyanya wakageuka. "Karibu. Leo unataka kumfukuza nani, huyu wa nyanya?"

"Nataka fungu moja."

"La kula au la kubeba tumboni?"

"La tumboni," nikasema, na nikaona kwamba jibu la kweli limemshangaza kidogo. Akanipa mawili. Nikamuuliza mbolea anaitia lini, swali ambalo nilipaswa kumuuliza kabla sijainua chupa yoyote, na alinieleza kama unavyomweleza mtoto: ile niliyochota kwenye lundo ilikuwa mbichi, haijaguswa, yeye huifukia kwenye shamba tupu, analiacha shamba mvua nzima, ndipo anapanda, kwa sababu mbolea ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi. "Nyinyi mnaotumia ya ng'ombe ndio hamngoji," alisema. "Ya ng'ombe haiunguzi, basi mnadhani imeiva."

Dania yake ilibaki na rangi ya chai. Siku moja, siku mbili, siku tatu, nikaiacha hata ya nne kwa ukaidi. Rangi ya chai.

Wiki iliyofuata sikulala sana wala kula sana, nilikuwa na homa ya kutaka kujua, na ninapoandika haya moyo unanienda mbio bado. Madam Robi alinipa chupa alizokuwa nazo zote bila kunikaripia, alisema tu, "Sasa ndiyo umeanza kupima." Nilipima lundo la samadi yetu: nyeusi, kama ya kuku, hakuna tofauti. Nilipima majani ya chini, yale yanayorushiwa udongo matone ya mvua yakipiga kitutani ambako samadi imetiwa juzi: nyeusi. Nilipima majani ya juu, ya vitutani vilivyotandazwa nyasi kavu, yaliyokatwa asubuhi: chai. Nikapata nguvu. Nikawaomba wanawake wakate majani hayo ya juu tu, nikasimama nao, nikawahesabia mikono waliyonawa, na mafungu yakaingia nyumba ya kupangia yakiwa safi, nina chupa ya kushuhudia. Kesho yake, kabla hayajapakiwa, nikapima mafungu yaleyale, nikangoja siku mbili. Nyeusi. Zote. Nilisimama katikati ya chumba nikizunguka kama kuku aliyepotelewa na kifaranga. Maji ya kunyunyizia nilishapima. Kamba za kufungia nilishapima. Nikatazama chini, nikaona matao ya kiganja cha Waya yakizunguka miguu yangu, mazuri, yamesiribwa upya, na juu yake alama za mafungu ya dania, safu kwa safu.

Nimefikiria sana tangu wakati huo kwa nini tulichelewa kuona. Tulikuwa tunatafuta uzembe. Tulimtafuta aliyekosa kunawa, aliyefanya njia ya mkato, na mahali pa mwisho ambapo mtu angetazama ni pale ambapo mwanamke amepiga magoti na kutia bidii yote. Mpishi alipolalamika mara ya kwanza, Waya alianza kusiriba mara mbili badala ya mara moja. Kadiri alivyoogopa kupeleka mboga chafu ndivyo alivyozichafua.

Nilimwambia jioni, akiwa jikoni anakwaruza magamba ya samaki. Hakuacha kukwaruza.

"Sakafu yangu," alisema.

"Ndiyo, Waya."

"Mama yangu alizaliwa juu ya sakafu kama hiyo. Wewe ukija hapa unalala juu ya nini?"

"Sisemi ni chafu kwa kulala. Ni kwa dania tu, kwa sababu haipikwi. Kama tungekuwa tunapeleka osuga..."

"Juzi ilikuwa kuku. Leo mimi. Kesho utasema ni ziwa." Sasa aliacha kukwaruza. "Uliinua chupa nikamfukuza mtu, Akoth. Mtu ambaye watoto wake wanakula kwa dania hiyo. Sasa unainua nyingine nifanye nini?"

Alinawa mikono, akaikausha kwa sketi, akaingia nyumba ya kupangia, na nilipomfuata nikamkuta amepiga magoti, anasuuza fungu moja la sakafuni kama alivyoniona nikisuuza mara nyingi. Fungu lingine alikuwa ametoka kulikata mwenyewe, halijagusa chini. Alijaza chupa mbili. Akafungua leso yake. "Nionyeshe zinavyofungwa," alisema.

Alizibeba siku mbili. Alikamua nazo, akasuka nazo mkeka, akaenda nazo kwenye maombi ya akina mama na kukaa wima kama mtu mwenye jeraha. Hakuzitazama hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa naitazama leso yake siku nzima. Asubuhi ya tatu aliniita chumbani kwake, mahali ambapo sikuwa nimewahi kuingia, akafungua leso akiwa ameyaelekeza macho yake dirishani. "Niambie."

"Ile ya shamba ni chai, Waya. Ile ya sakafu ni nyeusi."

Alizifunga tena chupa katika leso. Kisha akavaa viatu vya kanisani.

Tulikwenda kwa Min Apiyo kwa miguu, na njiani Waya aliwapitia wanawake wa chama mmoja mmoja bila kueleza sababu, hata tulipofika tulikuwa kundi zima, na Min Apiyo alituona kutoka mbali akabaki ameshika sufuria mkononi. Nyumba yake ilikuwa ndogo, haina nafasi ndani, na nje palikuwa na uchaga wa kukaushia vyombo, wa miti na waya, umepigwa jua na upepo. Juu yake, kati ya sahani, dania ilikuwa imelazwa. Basi jibu lote lilikuwa hapo. Hakuwa na elimu kutuzidi, alikuwa tu hana chumba.

Waya alizitoa chupa mbili akaziweka kwenye uchaga. "Ile iliyokufukuza ilibebwa na mtoto," alisema, kwa sauti iliyosikika kwa wote. "Hizi nimezibeba mwenyewe. Nyeusi ni sakafu yangu. Nilikukosea, na nilikukosea mbele ya watu hawa, kwa hivyo nimekuja nao."

"Na mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekimbia."

Min Apiyo alizitazama chupa, akaichukua ile nyeusi, akaitikisa kidogo. "Yawa, mwenyekiti. Hata kuku wangu hawajawahi kufanya hivi." Mtu mmoja nyuma yangu akacheka kwa hofu. Min Apiyo hakucheka. "Chamani kwenu sirudi."

Waya aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, niliona.

"Nyinyi njooni hapa," Min Apiyo akaendelea. "Dania ipangwe hapa, juani, kwenye uchaga. Huu uliopo ni mdogo, tutajenga mwingine. Samadi mnaiacha ioze mvua nzima, ya ng'ombe pia, msiniletee habari za nyasi. Na nitakayemwambia nawa, ananawa, bila kuniuliza mimi ni nani."

Wanawake wakatazamana, wakamtazama Waya. Upepo wa ziwa ulikuwa ukizigonganisha sahani. Waya alivua saa yake, akanipa mimi niishike, akakunja mikono ya gauni na kulisogelea fungu la dania lililokuwa karibu naye, ili aanze kazi.

"Mwenyekiti," alisema Min Apiyo, akamsogezea birika na sabuni. "Nawa."

Na Waya, mbele ya chama chake chote, akainama na kunawa, taratibu, kidole kwa kidole, mpaka Min Apiyo aliposema inatosha.